Bi Harusi Anasingwa Ngozi, na Mifupa Je?



Mfunguo Mosi ukiingia tu, kadi za harusi huanza kumiminika. Kila nyumba yenye mwari ina pirikapirika zake. Huku liwa inasagwa, huku msio unachanganywa na marashi, fundi wa hina ameshapewa ahadi, na somo anaingia na kutoka na vikapu vyake. Mwari ametiwa ndani. Hatoki, haonekani, na jua halimgusi, maana siku ya kutolewa nje watu wamwone amenawiri na ameng'ara.

Mila hizi nazipenda. Zina heshima ndani yake, zinamfundisha msichana kwamba ndoa ni jambo la kujitayarisha, na zinawakusanya mama, shangazi na bibi chini ya dari moja. Lakini kuna neno ambalo naona tumelinyamazia kwa muda mrefu. Matayarisho yetu yote yanaishia kwenye ngozi. Na lile moja tunalolishikilia kuliko yote, la kumficha mwari na jua ili awe mweupe, linamnyima kitu ambacho atakihitaji kuliko weupe, nacho ni mifupa imara ya kubebea mimba, kunyonyesha na kuzeekea.

Mwenyezi Mungu anatueleza katika Surat Al-Mu'minun namna alivyomuumba mwanadamu tumboni: mifupa ilitangulia, kisha ikavikwa nyama. Sisi katika kumwandaa bi harusi tunaanza juu, na huko juu ndiko tunakobakia.

Jua linafanya nini mwilini

Mfupa si kijiti kikavu. Ni kitu hai, kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa upya. Tofali lake kubwa ni madini ya kalsiamu, na karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote mwilini imehifadhiwa kwenye mifupa na meno. Kalsiamu tunaipata kwenye chakula, lakini kula ni jambo moja na mwili kuifyonza ni jingine. Mfunguo wa mlango huo ni vitamini D. Mtu mwenye vitamini D ya kutosha hufyonza kiasi cha asilimia 30 hadi 40 ya kalsiamu anayokula. Aliyepungukiwa hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu. Unaweza kunywa maziwa kila siku, na sehemu kubwa ya faida yake ikapita bure.

Vitamini nyingi tunazila. Hii D ina ajabu yake, kwa sababu sehemu kubwa yake hutengenezwa na ngozi yetu wenyewe pale miale ya jua inapoigusa. Kutoka kwenye ngozi huenda kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo huwa tayari kufanya kazi. Chakula nacho huleta kidogo, hasa samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini, lakini ni wachache wanaotosheka kwa chakula peke yake.

Inapopungua, mwili haukubali damu ikose kalsiamu, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila madini hayo. Basi huchota kwenye mifupa, kama mtu anayekula akiba ya mahari yake kidogo kidogo. Kwa mtoto, mifupa inakuwa laini na miguu inapinda, ndiyo matege. Kwa mtu mzima, mifupa hulainika na kuuma, hasa kiunoni, kwenye nyonga, mbavuni na miguuni, na misuli ya mapaja hulegea. Kupanda ngazi kunakuwa kazi. Kuinuka kutoka kwenye sijda kunataka mkono wa kuegemea. Kwa mzee, mifupa iliyomeguka ndani hudanganya mpaka siku ateleze bafuni, na nyonga ikivunjika uzeeni wengi hawarudi kutembea kama mwanzo.

Maumivu hayo yana sababu nyingi, na si kila kiuno kinachouma kimekosa jua. Lakini tumezoea kuyaita majina mengine yote, uzazi, baridi, kijicho, na hili hatulitaji.

"Sisi tuna jua la kumwaga"

Najua jibu litakalokuja: hayo ni matatizo ya Wazungu wanaoishi kwenye barafu, sisi tuko karibu na Ikweta na jua letu halina likizo.

Kweli, jua tunalo. Unguja na Pemba ziko nyuzi tano hadi sita na ushei tu kusini mwa Ikweta, na miale inayotengeneza vitamini D inatufikia mwaka mzima. Lakini jua lililo juu ya paa halimsaidii aliye chini ya paa. Tazama nchi za Ghuba, Saudi Arabia, Oman, Falme za Kiarabu, ambako wengi wetu tuna ndugu. Jua la kule nalo ni kali, na bado uchunguzi uliofanywa huko mara kwa mara umewakuta wanawake wengi wamepungukiwa na vitamini D. Joto limewasukuma ndani kwenye viyoyozi, kutoka nyumbani hadi garini na kutoka garini hadi dukani. Na kukaa dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo kinaruhusu mwanga na joto lakini kinazuia ile miale inayohitajika.

Kwa upande mwingine, mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania kwa Wamasai na Wahadzabe, watu wanaoshinda nje. Wastani wao wa vitamini D katika damu ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali kiwango ambacho wataalamu wengi hukiona kinatosha kwa mifupa ni nanomoli 50. Ngozi yao ni nyeusi kama zetu au zaidi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe kutengeneza kiasi kilekile, lakini ikipewa muda huo inatengeneza ya kutosha. Kwa hiyo jambo lenyewe halimo katika rangi tuliyoumbiwa. Limo katika saa tunazokaa ndani.

Hijabu haina kosa

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana mazungumzo haya hupenda kupotoshwa. Wako wanaosikia "jua" na "mwanamke wa Kiislamu" wakarukia kusema stara ndiyo inayotuumiza. Si kweli, na sikubali tuambiwe tuchague baina ya dini na mifupa.

Stara imefaradhishwa mbele ya wasio maharimu. Surat An-Nur imewataja mmoja mmoja watu ambao mwanamke anaweza kuwa nao bila kizuizi hicho: mumewe, baba yake, wanawe, ndugu zake, wanawake wenzake na wengineo. Hakuna mahali jua limetajwa miongoni mwa wasio maharimu. Tunajificha na macho ya watu. Jua halina macho.

Wazee wetu walilijua hilo hata kama hawakuwa na jina la vitamini. Nyumba ya Kiswahili haikukamilika bila ua. Huko nyuma, ndani ya ukuta au kiambaza cha makuti, mwanamke alichambua mchele, alikuna nazi, alifua, alisukana nywele na wenzake, kanga imefungwa kifuani na mikono iko wazi, na jua likimwangukia begani. Nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa na kiwanja cha ndani kilicho wazi juu, na nyingine zilikuwa na dari la kupunga upepo jioni. Stara ilikuwepo, na jua lilikuwepo.

Tulichokipoteza ni ua. Nyumba za ghorofa, kuanzia zile za Michenzani enzi za Mzee Karume mpaka hizi mpya zinazoota kila kona, zina kibaraza kinachotazamana na macho ya mtaa mzima. Viwanja vimekuwa vidogo, na anayejenga hupendelea kuongeza chumba cha kupangisha kuliko kuacha ua. Mashine ya kufulia imeingia, nazi inanunuliwa imeshakunwa, na simu inatukalisha sebuleni. Baibui lilelile alilovaa bibi yangu na bibi yako ndilo tunalovaa, lakini yeye alikuwa akirudi nyumbani analivua chini ya mbingu. Sisi tunalivua chini ya feni.

Watazame wanawake wa mwani kule Paje na Jambiani. Ni Waislamu kama sisi, wamejistiri kama sisi, na maji yakitoka wanashinda pwani kwa saa kadhaa. Tunaweza kuwahurumia kwa kazi ngumu na malipo madogo, lakini katika jambo hili wao wana cha kutufundisha.

Weupe unaolipiwa na mifupa

Sasa turudi kwa mwari wetu. Kumficha wiki moja mbili hakumvunji mifupa. Vitamini D huhifadhiwa mwilini kwa muda. Taabu ni kwamba kwa wasichana wengi wiki hizo si mwanzo wa kukwepa jua. Msichana ameanza zamani, tangu alipoambiwa na shangazi kwamba "umeungua, nani atakuposa," tangu alipoona anayesifiwa harusini ni yule mweupe. Mifupa huendelea kujijenga mpaka karibu na miaka 30, na miaka ya usichana ndiyo ya kuweka akiba kubwa. Miaka hiyohiyo ndiyo tunayomfundisha kukimbilia kivulini.

Kisha kuna mkorogo. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini sote tunajua vinapatikana na vinauzwa kwa majina matamu. Watu husema vinaharibu ngozi na figo, na ni kweli. Lisilosemwa ni kwamba baadhi ya krimu hizo zimetiwa steroidi kali. Steroidi ikipakwa mwili mzima, siku baada ya siku, hupenya ikaingia kwenye damu, na steroidi ni adui wa mifupa: huzuia mfupa usijengwe na huharakisha ubomoaji wake. Kwa hiyo mwari anayefichwa jua huku anapakwa krimu ya kung'arisha anapigwa mara mbili, na wanaompiga ni watu wanaompenda.

Liwa haina neno. Msio hauna neno. Singo ya manjano haina neno. Hivyo ni vyetu na vinapendezesha. Ninachokipinga ni ile imani kwamba bi harusi hatakuwa mzuri mpaka abadilike rangi aliyopewa na Mola wake.

Anayelipa ni mtoto

Tungekuwa tunajidhuru wenyewe tu, ningesema kila mtu na hiari yake. Lakini bi harusi wa leo, inshaallah, ni mama wa mwakani. Mtoto tumboni hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kiasi cha gramu 30, na nyingi katika hizo huzichukua miezi mitatu ya mwisho. Akiba ya vitamini D anayozaliwa nayo ni ile aliyokuwa nayo mama. Mama mtupu hujifungua mtoto mtupu.

Kisha hunyonyesha. Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na maziwa ya mama hayana mfano. Lakini vitamini D iliyomo ndani yake ni chache, na kwa mama aliyepungukiwa huwa chache zaidi. Kalsiamu ya maziwa mwili huitoa hata ikibidi kuichota kwenye mifupa ya mama, na kwa kawaida mifupa hiyo hujirejesha baada ya mtoto kuachishwa, alimradi mama anakula na anapata jua. Anayezaa mfululizo, akiwa ndani, akila wali na mchuzi mwepesi, hapewi nafasi ya kurejesha.

Haya si nadharia tupu. Miaka ya 1920, daktari wa Kiingereza Kathleen Vaughan alifanya kazi Kashmir, katika mji wa Srinagar. Aliwakuta wanawake waliofungiwa katika nyumba zenye giza, wengine tangu wakiwa wasichana wadogo, mifupa yao ya nyonga imelainika na kupinda mpaka njia ya uzazi imebana, na uzazi ukawa hatari ya kifo kwao na kwa watoto wao. Wanawake wa mashambani na wale walioishi kwenye mashua hawakuwa na taabu hiyo. Wote walikuwa watu wa mji na bonde moja. Kilichowatenga kilikuwa jua.

Hali zetu hazijafika huko, na Mungu atuepushe. Lakini tusisubiri kuona nyonga zilizopinda ndipo tuamini kwamba giza la nyumba lina madhara.

Tufanye nini

Nasema haya kwa mama wa bi harusi, kwa somo, na kwa bi harusi mwenyewe.

Kwanza, jua liingie kwenye ratiba ya mwari. Penye ua uliositirika, au juu ya dari penye ukuta, mwari akae na wanawake wenzake, mikono na miguu ikiwa wazi, kiasi cha nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki. Saa nne na nusu au saa tano asubuhi ni wakati mzuri. Kipimo chepesi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua linafanya kazi. Likiwa limeinama na kivuli ni kirefu, unaota joto tu. Uso anaweza kuukinga kama anaogopa madoa, mikono na miguu inatosha. Wala hakuna haja ya kuungua. Na hili lisiwe la wiki ya harusi peke yake, liwe desturi ya nyumba.

Pili, tutazame sahani. Dagaa wetu huanikwa hapa Unguja na kusafirishwa mpaka Kongo, halafu sisi tunawaita chakula cha shida. Dagaa anayeliwa mzima na miba yake ni kalsiamu tupu. Vibua na jodari wana vitamini D. Mayai, maziwa, mtindi, kashata za ufuta, vyote viko sokoni. Mapera na machungwa yana vitamini C, ambayo mwili huitumia kutengeneza ule utando ambao madini ya mfupa hujishika. Badala ya tende, halua na soda peke yake, mwari apelekewe na sahani kama hii.

Tatu, mjamzito na mtoto mchanga. Siku arubaini ni rehema kwa mzazi, apumzike na ahudumiwe. Lakini arubaini isiwe arubaini ya giza. Mama atoke uani. Mtoto mchanga asianikwe kwenye jua kali. Kwake yako matone ya vitamini D, na wataalamu wengi hushauri yuniti 400 kwa siku kwa anayenyonya maziwa ya mama. Ulizeni kliniki mnapokwenda kupima uzito. Na mjamzito aulize pia juu ya vidonge vya kalsiamu, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linavipendekeza mahali ambapo kalsiamu katika chakula ni ndogo, kwa ajili ya kupunguza hatari ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba.

Nne, vidonge visiwe kama pipi. Mtu mzima huhitaji kiasi cha yuniti 600 kwa siku, na kuzidisha yuniti 4,000 kila siku bila daktari si salama. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Jua halina hatari hiyo, mwili wenyewe hujua pa kusimama. Mwenye maumivu ya mifupa yasiyoisha aende hospitali. Kipimo cha damu kipo, ingawa si katika kila kituo.

Tano, na hili ni kwa wale wanaoolewa ughaibuni. Ukipelekwa Uingereza, elewa kwamba kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huko halina nguvu ya kutengeneza vitamini D hata ukikaa nje kutwa. Serikali yao inawashauri watu wote kufikiria kutumia mikrogramu 10 kwa siku majira hayo, na wenye ngozi nyeusi au wanaojistiri mwaka mzima. Kwenye sanduku la bi harusi huyo, kichupa hicho kiwekwe pamoja na udi.

Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kwamba kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku, na kwamba rakaa mbili za Dhuha zinatosha kulipa. Na wakati bora wa Dhuha ni pale mchanga unapopata moto, jua likiwa limeshapanda. Ndio wakati huohuo ninaousema hapa. Swali rakaa zako mbili za shukrani kwa viungo hivyo, kisha toka uani, keti na mama yako na bibi yako, mpige soga mkichambua mchele. Umeshukuru kwa ulimi na kwa mwili.

Mola awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na mapenzi, awape vizazi vyenye afya, na atufikishe uzeeni tukiwa bado tunaweza kuinuka kutoka kwenye sijda bila kushikwa mkono. Amin.